Nani Kauliza? Kura, Kauli na Uwakili katika Coriolanus

Kwa miaka kadhaa nimekwama katika neno moja la Shakespeare. Si neno gumu. Watu wa Roma, katika tamthilia ya Coriolanus, wanapomkubali mtu awe mkuu wao humpa kitu ambacho Kiingereza cha wakati ule kilikiita sauti. Sauti hiyo ni ile itokayo kinywani, na papo hapo ni kura. Shakespeare hakuzitenga maana hizo mbili. Amezifunga pamoja kama vina vya kati na vya mwisho, na katika tendo la pili, onyesho la tatu, analirudia neno hilo mpaka msikilizaji anaingiwa na kizunguzungu. Mfasiri wa Kiswahili akiandika "sauti", wasikilizaji wake watasikia kelele. Akiandika "kura", wataona sanduku na karatasi, vitu ambavyo Roma ya tamthilia ile haina.

Mwanzoni nililichukulia jambo hili kuwa ni shida ya kamusi, na kwa kuwa sikusoma chuo chochote, kamusi ndizo zilizokuwa walimu wangu. Kadiri nilivyoirudia tamthilia nikaona kwamba shida imo ndani ya jambo lenyewe linalotajwa. Je, mwananchi anapotawala, hutawala kwa kinywa chake au kwa kinywa cha mtu aliyemtuma? Wenye elimu ya siasa huiita njia ya kwanza demokrasia ya moja kwa moja, na ya pili demokrasia ya uwakilishi. Sijasoma kazi nyengine ya fasihi iliyozitia njia hizo mbili katika ulingo mmoja kama hii iliyoandikwa yapata mwaka 1608, na nia yangu hapa ni kuihukumu kwa kipimo hicho.

Tulianze neno letu wenyewe. Kura tumeichukua katika Kiarabu, na huko ni kuamua kwa bahati: vijiti, mishale au vikaratasi vilivyokunjwa; mkono unachukua kimoja na jambo limekwisha. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa vipi Nabii Yunus alipigiwa kura merikebuni, wala habari za kalamu zilizotupwa ili ijulikane ni nani atakayemlea Bibi Maryam. Mpaka leo mama zetu wanaocheza upatu hupiga kura kujua nani atatangulia kupokea. Katika kura ya namna hiyo hakuna kampeni, na aliyetangulia hana la kujivunia.

Waathene wa kale wangalituelewa haraka. Baraza lao la watu mia tano lilijazwa kwa kura ya bahati, kila mtu kwa mwaka mmoja, wala hakuruhusiwa kukaa humo zaidi ya mara mbili katika umri wake. Mahakimu wa mahakama zao nao walipatikana hivyo hivyo. Waliowachagua kwa kunyoosha mikono walikuwa majemadari, kwa kuwa vita havingojei bahati. Aristotle ameandika kwamba kuwapata watawala kwa kura ya bahati ndilo jambo la kidemokrasia, na kuwapata kwa uchaguzi ni jambo la utawala wa wachache. Kwa hiyo Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili ambavyo mwanafalsafa yule aliviona kuwa vinapingana. Nalipenda jambo hilo, ingawa halikunisaidia kazi yangu.

Neno la pili ni mwakilishi, na ndani yake amekaa wakili. Huyu tunamjua vizuri. Tunamjua mahakamani, tunamjua sokoni, tunamjua hata katika nikaha. Kwa mafakihi, aliyemweka wakili anaweza kumwondoa apendapo, na wakili akivuka mpaka wa aliyotumwa, alilolifanya halimlazimu aliyemtuma mpaka aliridhie. Sasa tumtazame mwakilishi wa siasa. Rousseau, katika kitabu chake cha mkataba wa jamii cha mwaka 1762, alishikilia kwamba matakwa ya umma hayawakilishiki, na kwamba Waingereza waliojiona huru walikuwa huru siku ya kuwachagua wabunge tu. Miaka kumi na miwili baadaye Edmund Burke aliwaambia watu wa Bristol, ambao walikuwa wamemchagua wakati ule ule, kwamba mbunge anadaiwa na wapiga kura wake rai na akili yake mwenyewe, hata wao wakiona vyengine. Alisema kwa ufasaha mkubwa. Mwaka 1780 alijitoa katika kinyang'anyiro cha Bristol alipoona hawatamrudisha.

Rousseau hakumtaka wakili kabisa, na Burke alimtaka wakili asiyeulizika mpaka muda wake uishe. Wakala tunaoujua sisi uko baina yao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 104, imewapa wapiga kura haki ya kumwita mbunge wao arudi nyumbani kabla ya muda. Katiba nyingi hazina kitu hicho. Kwa hiyo neno mwakilishi limebeba ahadi ambayo kazi yenyewe, mahali pengi, haikuibeba.

Sasa tuingie katika tamthilia.

Kisa amekitoa Shakespeare kwa Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, kupitia tafsiri ya Kiingereza ya Thomas North ya mwaka 1579. Mji una njaa. Watu wa chini wametoka na marungu wakidai nafaka, na Baraza la wakubwa, ili kuwatuliza, limewakubalia wawe na watetezi watano wa kuwasemea. Watazamaji wa London hawakuhitaji kufikiri sana kuielewa njaa ile. Mwaka 1607 wakulima wa majimbo ya kati ya Uingereza walikuwa wameinuka dhidi ya mabwana waliozungushia ua ardhi zao, na chakula kilikuwa ghali. Katikati ya ghasia hizi za Roma yupo askari mmoja, Caius Martius, shujaa asiye na mfano na mwenye ulimi mchafu kwa maskini. Anauteka mji wa Corioli karibu peke yake, anapewa jina la Coriolanus, na wakubwa wanamteua awe konsuli. Limebaki jambo moja: avae kanzu ya unyenyekevu, asimame sokoni, awaonyeshe watu majeraha yake na awaombe kile kitu ambacho nimeshindwa kukifasiri.

Wahakiki wengi wanaposoma sehemu hii macho yao humwelekea shujaa, kiburi chake na mama yake Volumnia, aliyemlea kama upanga. Sina ugomvi nao. Lakini mimi, ambaye umri wangu wote nimekuwa mtu wa kusimama foleni, nawatazama raia. Kabla Coriolanus hajaingia, wamekaa wanajadiliana, na mazungumzo yao ni ya watu wenye akili. Mmoja anaeleza kwamba haki ya kukataa wanayo, ila shukrani imewafunga mikono: mtu akishafunua majeraha aliyoyapata kwa ajili yao, nani atakayemnyima? Mwengine anakumbusha kwamba mtu huyu aliwahi kuwatukana. Wanataniana kidogo, kisha wanaamua kumpa. Hakuna aliyewaongoza. Hii ndiyo demokrasia ya moja kwa moja katika hali yake njema kabisa, watu wachache wanaojuana, jambo moja mbele yao na nafasi ya kusemezana. Kwetu ingeitwa baraza.

Coriolanus anaingia, anaomba kwa kejeli, majeraha hayaonyeshi, na wanampa. Akishaondoka ndipo linapokuja lile ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lenye thamani kubwa katika tamthilia nzima. Watetezi wawili, Sicinius na Brutus, wanawauliza raia ilikuwaje. Husemwa sana kwamba hawa wawili ni wachochezi, na kwamba bila yao Roma ingelitulia. Msomaji arudi atazame tena. Kabla watetezi hawajatia neno la uchochezi, raia wenyewe wameshalalamika kwamba wamedhihakiwa. Kidonda kipo. Wanachokifanya watetezi ni kukipa kidonda umbo na wakati: wanawaambia waende Kapitoli wakageuze walilolisema, na wanawapangia la kusema neno kwa neno. Kisha wanaongeza jambo la ajabu. Wanawaambia raia wawatupie lawama wao, waseme kwamba walimchagua kwa kushurutishwa na watetezi wao.

Nilipoifikia sehemu hiyo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje. Humo mna nadharia nzima ya uwakilishi, nzuri yake na mbaya yake. Mwakilishi anakusemea usilojua kulisema. Mwakilishi anakutilia kinywani usilolisema. Na mwakilishi, akiwa mjuzi wa kazi yake, hujifanya ngao, ili umma uweze kubadili nia bila ya kuaibika. Vitendo hivyo vitatu watetezi wale wanavifanya katika kurasa mbili tu, na Shakespeare hatuambii kipi ni kipi. Nathubutu kusema kwamba hapo ameupita utungaji wake wa Julius Caesar, ambao wengi wetu tunaujua kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere, iliyotoka mara ya kwanza 1963 na kurudiwa 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Katika ile, umma ni bendera: Brutus akisema wanamshangilia, Antony akisema wanachoma nyumba. Wanamkuta Cinna mshairi njiani, wanamdhania Cinna mwengine aliyekula njama, na akiwaeleza kwamba yeye ni mtunzi tu wanaazimia kumuua kwa ubaya wa mashairi yake. Ndugu zangu watunzi, nadhani sote tumewahi kukutana na msomaji wa namna hiyo. Lakini umma wa aina ile hautufundishi lolote juu ya demokrasia, kwa sababu hauna hoja. Umma wa Coriolanus una hoja, ndiyo maana kushindwa kwake kunauma.

Maana unashindwa. Katika tendo la tatu raia wanakusanywa kwa makabila yao, kauli zao zimeshaorodheshwa kwenye karatasi, na wameshafundishwa kuitikia watetezi watakapopaza sauti. Sicinius anatamka kufukuzwa, nao wanaitikia kufukuzwa. Hakuna tena aliyekaa akafikiri kama walivyofanya kule mwanzo. Habari zinapokuja kwamba Coriolanus anarudi na jeshi la maadui, raia wale wale wanasema kila mmoja kwa upande wake kwamba yeye alikubali, lakini moyoni hakupenda. Wachunguze hao watu: hawasemi uongo. Kila mmoja alikuwa na shaka yake, na hakukuwa na mahali pa kuitia shaka hiyo. Ndiyo na hapana ni vyombo vidogo mno kubebea shaka.

Katika mwanzo wa tamthilia ipo ngano ya tumbo na viungo, ambayo mzee Menenius anawatulizia raia wenye njaa: viungo viliasi tumbo kwa kuwa linakula bila ya kufanya kazi, nalo likajibu kwamba linapokea kwanza ili ligawe kwa wote. Ngano hiyo ni ya kale kuliko Shakespeare, na imesifiwa mno. Mimi naiona dhaifu, na naamini mtunzi alikusudia iwe dhaifu. Raia anayemjibu Menenius anamkatiza kila mara, anazitaja sehemu za mwili kwa ufasaha kuliko mzee mwenyewe, na ngano inapoisha njaa ipo palepale. Tumbo lile halikuchaguliwa na yeyote, wala haliwezi kuondolewa. Mwenye kuifanya ngano hiyo kuwa picha ya uwakilishi amefanana na mtu anayeniambia kwamba jiwe la msingi ni wakili wa nyumba.

Tuitoke Roma kidogo, maana upande wa pili wa mizani nao unataka jiwe lake. Wapo wanaoamini kwamba lau wananchi wangeamua kila jambo wenyewe, dhulma ingekwisha. Watu wa visiwani wana sababu ya kukikumbuka kisa cha Mytilene. Ulikuwa mji katika kisiwa cha Lesbos, uliokuwa chini ya Athene ukaasi, ukashindwa. Mwaka 427 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, Waathene walikutana katika mkutano wao mkuu, wananchi wenyewe, bila ya mwakilishi hata mmoja, wakaamua kwamba wanaume wote wa mji ule wauawe na wanawake na watoto watiwe utumwani. Merikebu ya makasia ikaondoka na amri. Usiku ule watu hawakulala vizuri. Asubuhi wakaitisha mkutano tena. Cleon akashikilia amri isitenguliwe, mtu aitwaye Diodotus akasema kwamba kuua halaiki hakuna faida kwa Athene yenyewe. Mikono ikanyooshwa, na upande wa huruma ukashinda kwa tofauti ndogo sana. Merikebu ya pili ikatumwa mbio. Thucydides anasimulia kwamba wapiga makasia walikula unga wa shayiri uliochanganywa na mvinyo na mafuta huku mikono yao ikiwa kwenye makasia, wakalala kwa zamu. Na ile ya kwanza, kwa kuwa ilibeba kazi chungu, haikuwa na haraka. Wa pili walifika jemadari ameshaisoma amri, hajaitekeleza.

Huwa nikimsimulia mtu kisa hiki anafurahi kwamba demokrasia ya moja kwa moja iliweza kujisahihisha kwa siku moja. Ni kweli, na sijui bunge lililopata kufanya hivyo kwa haraka ile. Lakini mimi mtu wa kisiwani nakisikiliza nikiwa upande wa Mytilene. Katika mikutano ile miwili, watu waliokuwa wakiamuliwa kufa au kuishi hawakuwa na mkono wa kunyoosha. Hawakuwa nao wanawake wa Athene, wala watumwa, wala wageni waliozaliwa pale pale. Umma unaojitawala wenyewe huanza kwa kukubaliana nani si umma, na jambo hilo halipigiwi kura. Kule Uswisi, katika jimbo la Appenzell Innerrhoden ambako mpaka leo wananchi hukutana uwanjani mara moja kwa mwaka na kuamua kwa mikono, wanaume waliulizwa Aprili 1990 kama wanawake nao wapige kura. Walikataa. Ni mahakama ya shirikisho iliyowafungulia mlango wanawake mwezi Novemba mwaka ule ule, mahakama ambayo mikono ya uwanjani haikuichagua.

Wala baraza zetu hazikuwa za wote. Tunazisifu katika mashairi, na mimi nimezisifu: benchi la mawe mbele ya nyumba, kahawa, bao, habari za dunia. Ni kweli kwamba pale maskini humkatiza tajiri. Ila mama zetu walipita tu wakatoa salamu, na mambo yaliyokatwa pale yaliwahusu. Lugha imefanya mchezo mwengine hapa. Zanzibar chombo cha kutunga sheria, tangu 1980, kinaitwa Baraza la Wawakilishi. Maneno mawili yale yamebeba njia zote mbili ninazozizungumza: baraza, ambapo mtu hujisemea, na wawakilishi, ambao husemea wengine.

Na tarehe 31 Julai 2010 sisi wa Unguja na Pemba tulizijaribu zote mbili kwa pamoja. Tuliulizwa suali moja la kujibiwa ndiyo au hapana: iwepo Serikali ya Umoja wa Kitaifa baada ya uchaguzi wa mwaka ule, au isiwepo. Siku nne baadaye, tarehe 4 Agosti, ndugu zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu pamoja na Wakenya wenzao waliulizwa juu ya katiba yao mpya. Nilikwenda mapema. Mbele yangu foleni alisimama bibi mmoja mtu mzima, ameshika kitambulisho chake kwa mikono miwili. Akanigeukia.

"Mwanangu, leo tunamchagua nani?"

"Leo hatumchagui mtu, bibi yangu. Leo tunajibu suali."

Akafikiri. "Nani kauliza?"

Sikuwa na jibu fupi. Lile refu ni kwamba suali lilianza kwa watu wawili, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, walipokutana Novemba 2009 baada ya miaka mingi ya uhasama uliomwaga damu. Likapita katika Baraza la Wawakilishi. Likaandikwa kwa maneno ya sheria. Kisha ndipo likaletwa kwetu. Nilimwambia kwa ufupi kwamba wakubwa wamekubaliana wapatane, na wanataka kujua kama na sisi tumekubali. Akasema, "Kumbe." Kisha akasema kwamba lau angeulizwa yeye tangu zamani asingengoja mpaka leo.

Waliosema ndiyo walikuwa asilimia 66.4. Mabadiliko ya kumi ya Katiba ya Zanzibar yaliyotungwa mwaka ule yaliweka pia, katika kifungu cha 80A, kwamba baadhi ya vifungu havitabadilishwa bila ya kuwarudia wananchi kwa kura ya maoni. Nitasema bila ya kusita kwamba ile ilikuwa siku bora ya siasa niliyoiona kwa macho yangu; uchaguzi wa Oktoba ulipita kwa utulivu ambao watoto wangu walidhani ni kawaida. Lakini jibu tulilolitoa kwa vinywa vyetu tuliwaachia wawakilishi walichukue. Uchaguzi wa 2015 ulifutwa. Ule wa marudio wa Machi 2016 ulisusiwa na CUF, na nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais, ambayo tuliipigia kura iwepo, ikakaa tupu mpaka Disemba 2020. Herufi ya Katiba haikufutika. Theluthi mbili ya watu walisema ndiyo kwa jambo, na hawakuwa na njia ya kuulizwa tena, wala ya kumwondoa wakili. Kadhalika kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa ya Tanzania ilipangiwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, haikufanyika. Suali liliandikwa, muulizaji akanyamaza.

Ndipo niliporudi kwa Coriolanus na suali la bibi yule, na nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona katika kusoma kwangu kote. Raia wa Roma hawakuombwa wachague. Wakubwa wameshamteua mtu wao; sokoni analetwa ili aitikiwe. Suali si lao. Na watetezi wao wanapowarudisha kwenda kukataa, jibu jipya nalo si lao kikamilifu, limeandikwa. Baina ya maonyesho hayo mawili upo ule muda mfupi walipokaa peke yao wakataniana na kupima, na hapo ndipo walipokuwa na suali lao wenyewe: tunamdai nini, naye anatudai nini? Shakespeare amewapa mistari michache tu. Ningependa angewapa zaidi, na hili ndilo kosa langu kubwa ninalomhesabia katika kazi hii: amewaandikia raia nathari na wakubwa ushairi. Mtunzi wa pwani asingefanya hivyo. Muyaka wa Mombasa alipowatungia Mamazrui dhidi ya Seyyid Said, mizani ile ile aliyoitumia kwa watawala ndiyo aliyoitumia kwa njaa yake na mapenzi yake.

Katika rasimu yangu nimewapa raia mashairi. Najua nitalaumiwa kwa kugeuza asili, na anayetaka kunilaumu ana haki. Nimewapa mizani kumi na sita katika lile onyesho la mazungumzo, na nimeiacha nathari katika tendo la tatu, pale wanapoitikia walichofundishwa.

Ama neno lililonikwamisha, nimeliandika "kauli". Coriolanus anasimama sokoni anasema "nipeni kauli zenu", na sikio la Kiswahili halishtuki. Kauli hutoka kinywani kama sauti, na humfunga mtu kama kura. Na zaidi ya hayo watu wanapomgeuka, Kiswahili kina msemo tayari, wamegeuza kauli, na ndani ya msemo huo mna aibu ile ile ambayo watetezi walitaka kuwavua. Imenibidi nibadilishe mahali pengi. Mahali pamoja tu nimeacha "kura", nalo ni pale Sicinius anapomuuliza karani kama ameshaziorodhesha zote, kwa makabila, kabla mtu yeyote hajafungua mdomo.